Majani ya kabichi na picha ya bosi

Leo nimemwaga chakula cha mbuzi juu ya pampasi na matumbo ya kuku. Kwa amri.

Mimi karani tu wa halmashauri, mnanijua. Nilikwenda sokoni na bosi kuhimiza watu wapunguze taka na kuzitumia tena.

Tukamkuta mama mmoja kutoka Mgeta anayeuza kabichi. Hana pipa. Majani ya nje anayatia kwenye kiroba, jioni anapanda nayo lori kuwapelekea mbuzi wake. Samadi yao inarudi shambani kwenye kabichi.

Yaani sera nzima, mama anaiishi!

Bosi akasema, "Sheria ni pipa kila kizimba cha kuuzia, na huyu hana. Andika onyo. Likija la pili, kizimba anapewa mwingine."

Kisha akataka picha ya mama "akielimishwa". Nikaamriwa nimwage kile kiroba kwenye pipa letu la maonyesho, ambalo watu walishalijaza pampasi na matumbo ya kuku, yakaoza.

Nikamwaga. Maji ya uozo yakanirukia hadi kiwikoni.

Mama akanitazama. "Shikamoo yako nimeiitikia, mwanangu. Sasa mbuzi wangu wakale hiyo picha?"

Nimenawa mara tatu, bado nanuka.

Onyo lake nimeliandika, liko mfukoni mwangu. Sijaliweka kwenye jalada, na bosi atalitaka asubuhi.

Mngekuwa mimi, mngefanyaje? (Msisambaze, tafadhali.)