Kijiti cha Pikseli Kumi na Saba

Nilikuwa na tabia moja mbaya: nikishaandika programu, nadhani na watu watakaoitumia nimewaandika mimi. Ndivyo nilivyoingia katika ofisi ile ya Wete, kompyuta begani, kichwa kimejaa hewa. Kazi yenyewe ilikuwa kuyahamisha majina ya wenye mashamba kutoka kwenye madaftari makubwa na kuyaingiza kwenye kompyuta. Karani akitaka jina, angekamata kwa kipanya ule mlia wa pembeni mwa dirisha la programu na kuuvuta, orodha ipande au ishuke.

Katika hati ya makabidhiano niliandika kila kitu, hata visivyoulizwa. Upana wa mlia: pikseli kumi na saba. Sikuupima popote. Niliiuliza kompyuta yangu, ikanijibu kumi na saba, nami nikaandika kwa maringo. Pikseli ni vile vitone vya mwanga vinavyounda picha kwenye kioo, na havilingani. Kwenye kioo hiki ni vikubwa, kwenye kile ni vidogo. Hilo sikuliandika.

Mtunza stoo wa ofisi, mzee aliyekagua kila kinachoingia hata kalamu, aliisoma hati yangu mpaka mwisho. Sijapata kumwona mtu mwingine aliyefanya hivyo. Akaniita, akaniuliza kipimo chenyewe kiko wapi. Nikamwambia hakuna, kimo ndani ya kompyuta. Alinitazama kwa huruma. Kibaba kina kopo lake, akasema, pishi ina chombo chake, wari ya kitambaa ina fimbo yake pale dukani. Kitu kisicho na kipimio hakipokelewi. Ningeweza kumweleza, lakini nilikuwa na njaa. Nikamwambia afanye atakavyo.

Akafanya. Alimleta seremala, akamweka mbele ya kompyuta ya mkuu wa ofisi, na kijiti cha mti wa mfenesi kikabandikwa juu ya kioo na kutiwa alama mbili, zikiachana kiasi cha kupitisha punje moja ya choroko. Kikapakwa vanishi, kikapigwa muhuri, kikatundikwa msumarini.

Tangu hapo kila Jumatatu mtunza stoo alipita meza kwa meza na kijiti chake. Ambaye mlia wake haukukaa baina ya alama alitakiwa aibadilishe mipangilio ya kioo chake mpaka ukae. Wengine maandishi yao yakawa madogo kama sisimizi, wengine yakawa na ukungu. Karani mmoja wa Kengeja alisoma wiki nzima shingo upande. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa kijiti kilikuwa na muhuri. Mimi nikirudi nyumbani naisimulia habari hii, watu wanashika mbavu.

Kicheko kiliniisha kwa Bi Mkubwa. Huyu alikuwa karani mkongwe, mtu wa Wingwi, na karibu madaftari yote yale yalikuwa mwandiko wake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Mwanzoni nilimkuzia kila kitu kwenye kioo chake, mlia ukawa mnene kama kidole, naye akauvuta bila taabu. Kijiti kilipofika mezani kwake, kikaukataa. Akapunguziwa. Toka siku ile akibonyeza, anakosea kidogo tu, na orodha inaruka kurasa nzima.

Mkuu wa ofisi, kijana mpole lakini mtu wa utaratibu, alikuwa ameshatangaza kwamba mwisho wa mwezi atawajaribu makarani wote, na atakayeshindwa atahamishiwa mlangoni kupokea barua. Bi Mkubwa alikuwa amebakisha miaka miwili astaafu. Aliniita mezani kwake, akasema kwa sauti ya chini:

"Chanikimbia, mwanangu. Mkono huu ndio uloandika madaftari yote yale, leo wakimbiwa na kijistari."

Nilipandwa na hasira, na mtu wa kumkasirikia alikuwa mimi mwenyewe. Nikamwendea mtunza stoo, nikamweleza habari ya vitone vikubwa na vidogo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama maana yake ni kuwa hati yangu ilidanganya. Nikasema ndiyo. Akasema hati imeshatiwa saini, haibadiliki.

Akakitungua kijiti msumarini. Kisha akasema kwamba kijiti, hata hivyo, ni mti, na mti hunywea. Kikinywea hukatwa kingine. Na hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima kipimwe kwenye kioo cha mkuu.

Nilitaka kumbusu.

Seremala akaitwa tena, safari hii kwenye meza ya Bi Mkubwa. Tulikuza kioo chake kidogo kidogo mpaka akaukamata mlia mara kumi mfululizo, na hapo ndipo alama zikakatwa. Vanishi, muhuri, msumari. Jumatatu iliyofuata ofisi nzima ikalazimika kukuza vioo vyao.

Siku ya majaribio mkuu alianza na Bi Mkubwa. Alimwambia amwonyeshe jina la mwisho kwenye orodha. Bi Mkubwa akashika kipanya, mkono unatetemeka mbele ya watu wote, akaukamata mlia na kuuvuta mpaka chini, akamsomea jina. Kisha la katikati. Kisha la mwanzo.

Mkuu alikwenda kwenye kompyuta yake, nayo imekuzwa kama zetu, akauvuta mlia juu, akauvuta chini, akaurudia tena.

"Hata mimi mlia huu ulikuwa unanishinda," akasema, bila kutugeukia. "Nilidhani ni macho yangu."

Karani wa Kengeja akasema yeye alidhani ni kipanya chake kibovu. Mwingine akasema alidhani amezeeka. Miezi mitano tulikaa chumba kimoja, kila mtu akificha ubovu wake, na ubovu wenyewe nimeuandika mimi kwa tarakimu mbili na kutia saini.

Bi Mkubwa akakiacha kipanya, akamgeukia mkuu.

"Kumbe na weye, mwanangu," akamwambia, "na mlangoni ulitaka kunipeleka peke yangu?"