Mtoto wa Chuma Ndani ya Kitenge cha Mama

Leo stendi nimepongezwa kwa kujifungua turbo.

Ngoja nieleze.

Fundi Saidi wa hapa Shelui anaunda upya injini ya lori la vitunguu. Anataka lipande Mlima Sekenke bila kuhema. Aliniambia niende mwenyewe Singida Mjini nikachague turbo, kile kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini. Nikileta inayofaa, atanifundisha ufundi. Nikikosea, nirudi nyumbani nikamenye karanga.

Dukani nilikuta mbili, zote zimetumika. Muuzaji akasifia ile kubwa.

"Mdogo wangu, ukifunga hii, lori litapaa."

Nusura nikubali, mnajua nilivyo na aibu. Lakini lori lenye mzigo hupanda mlima polepole, na turbo kubwa huchelewa kuamka. Nikanong'ona, "Naomba hiyo ndogo."

Vumbi ni adui wa turbo, kwa hiyo nikaifunga kwenye kitenge cha mama, nikaipakata.

Stendi, bibi mmoja akaketi karibu yangu. Nikamwamkia.

"Marahaba. Hongera, mama. Lete nikupokee, upumzike."

Sasa bibi unamkataliaje? Nikampa.

"Mbona mzito hivi? Anakula nini?"

"Dizeli, bibi."

Akafunua. Akaniangalia. Akafunika tena taratibu.

"Haya. Mungu amkuze."

Nilipofika Shelui, Fundi akaizungusha turbo kwa kidole, akaisikiliza, akaniuliza kwa nini sikuchukua kubwa. Nikamjibu nikiangalia chini.

"Kesho uje na suruali ya kazi," akasema.

Nina furaha hadi sijui niiweke wapi.

Sasa nishaurini: mama nimwambieje kuhusu oili kwenye kitenge chake?