Kitanda cha Wiebe Kitapita Dirishani

Shangazi yangu Riekje anauza vitambaa na vifungo sokoni mjini Leiden, na sauti yake imezoea kushindana na upepo. Hata nyumbani huongea kana kwamba mteja yuko ng'ambo ya mfereji. Kwa hiyo afisa wa ustawi alipokuja kumwambia kuwa huenda mumewe asirudi nyumbani, mtaa mzima ulisikia jibu.

"Asirudi? Kwani amehama?"

Mwezi Machi, kwenye mvua, lori lilikata kona bila kuangalia likaligonga gari lao dogo. Mumewe, Wiebe, alivunjika nyonga na miguu yote miwili. Binti yao Jikke, aliyekaa kando yake, alivunjika mkono na mbavu. Jikke alikuwa amesharudi, mkono umefungwa vyuma, akikumbatia mto kila akitaka kukohoa. Wiebe alikuwa bado kwenye kituo cha mazoezi ya tiba, na kituo kilikuwa kinamwachia Ijumaa. Sharti lilikuwa moja: kitanda chake cha wagonjwa, kile kinachoinuka kwa umeme, kiwe kimeshaingia chumbani. La sivyo angepelekwa makao ya wagonjwa mji mwingine.

"Ni kwa muda tu," alisema Bi. Van Duyn, yule afisa.

"Baba yangu aliingia huko kwa muda tu. Akatoka ndani ya sanduku."

Shida ilikuwa ngazi. Wanakaa juu ya duka la Koos, fundi baiskeli, na ngazi yao ni nyembamba, imesimama wima kama ya kupandia darini. Waliokileta kitanda waliitazama, wakatazamana, wakakiacha dukani kwa Koos katikati ya magurudumu. Lori la kuinulia mizigo nalo lisingeweza kufika; barabara ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mabomba, ikabaki nafasi ya gari dogo tu.

"Na kabati lenu lilipitaje?" aliuliza Bi. Van Duyn.

"Dirishani, kama kabati la mtu yeyote. Kulabu ya kupandishia mizigo iko pale juu ya dirisha tangu nyumba ijengwe, na haijawekwa kwa ajili ya njiwa."

"Bi. Postma, kile ni kitanda cha mgonjwa. Kuna utaratibu."

Riekje alimmiminia kahawa, akampa biskuti moja, akafunga kopo. "Utaratibu wangu ndio huo."

Ijumaa asubuhi Koos aling'oa fremu ya dirisha na kufunga kapi kwenye kulabu. Majirani walijipanga kwenye kamba, kila mmoja akijua zaidi ya mwenzake.

"Vuta, Koos! Au leo hujala mkate?"

"Nivute na wewe umening'inia hapo kama nguo?"

Kamba ya pili, ile ya kuzuia mzigo usigonge ukuta, haikuwa na mtu. Wote walitaka kuvuta. Jikke akaishika kwa mkono wake mzima.

"Mama, niache. Miguu yangu haijavunjika."

Gari la kituo liliwasili kitanda kikiwa kimefika nusu. Riekje ndiye aliyeagiza lije saa hiyo hiyo. Alitaka mumewe aone mwenyewe. Wiebe alikuwa ndiyo kwanza ameshushwa kwenye kiti chake cha magurudumu upepo ulipotoka upande wa mfereji. Kitanda kikaanza kuzunguka. Kikagonga ukuta, vumbi la tofali likamwagika, na Jikke akaburutwa na ile kamba hadi ukingoni mwa shimo la mabomba.

"Nipe!" Wiebe aliusukuma mwenyewe mlango wa gari uliokuwa umemzibia njia, akasogeza kiti mpaka kwa bintiye, akaikamata kamba kwa mikono miwili. Mikono yake haikuwa na kasoro yoyote. Ila kiti nacho kikaanza kuteleza.

"Breki!" alipiga kelele Riekje kutoka dirishani. "Jamani, mshikeni!"

Aliyekuwa karibu ni Bi. Van Duyn, aliyekuja na gari la kituo. Akaweka mkoba chini kwenye matope, akakikumbatia kiti kwa nyuma, akaegemeza visigino vyake kwenye mawe. Kitanda kikatulia.

"Haya, vuteni," alisema, akihema. "Mnangoja nini?"

Kikaingia. Mtaa ukapiga makofi. Kisha kila mtu akamtazama Wiebe.

"Na huyu tumfunge kamba?" aliuliza Koos.

"Mume wangu si kabati!"

"Kabati lina nafuu," alisema Wiebe. "Lina miguu minne, yote mizima."

Aliketi kwenye kipandio cha kwanza, akiipa ngazi mgongo, akajiinua kwa mikono hadi cha pili. Riekje alikuwa chini yake, amebeba miguu yake kama mtu aliyebeba vyombo vya udongo. Jikke alikuwa juu, akimwambia pa kushika. Katikati ya ngazi Wiebe akakwama. Uso ulikuwa mweupe, jasho likimdondoka kidevuni.

Bi. Van Duyn alikuwa mlangoni. "Bwana Postma, si lazima leo."

"Lazima leo, bibi. Kesho mke wangu yuko sokoni."

Riekje hakucheka. Aliinamisha kichwa, paji la uso likagusa goti la mumewe, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo, "Twende, mzee wangu." Wakaenda.

Wiebe akalazwa. Bi. Van Duyn alipanda wa mwisho, koti limejaa matope, akakitazama kitanda.

"Nilitumwa kuona kama kipo," alisema. "Kipo."

Riekje alimwekea kopo la biskuti mapajani, bila mfuniko.

Koos akaokota fremu. "Nirudishe dirisha? Baridi inaingia."

"Liache kwanza," alisema Wiebe, akibonyeza kitufe cha kitanda kimwinue mpaka kichwa chake kikaonekana barabarani. "Wanipungie mkono kwanza. Wajue nimerudi."