Fimbo ya Mita Sabini na Tano

Mtaani walimwita Bibi Sentimita, fundi cherehani asiyekubali pindo lipishane hata unywele. Gofu aliianza ukubwani, siku alipopeleka bendera za mashimo alizoshonea klabu, akaomba kupiga mpira mmoja tu. Tangu hapo hakusikia la mwadhini wala la mteka maji.

Miaka minne mfululizo alishindwa mashindano ya wanawake, na kila mara ugonjwa ulikuwa uleule: mpira ukibaki mita sabini na kitu kufika shimoni. Katika fimbo zake fupi, moja ilirusha mita tisini, inayofuata sitini. Katikati, patupu. Akiipunguzia nguvu ya tisini, mpira ulipitiliza bendera. Akiikamia ya sitini, ulizama mchangani.

"Shemeji, nunua seti mpya," alisema mdogo wa mumewe, aliyekuwa fundi wa fimbo pale klabuni. "Zipo tatu, zinang'aa!"

"Sijauliza zipo ngapi. Zinarusha mita ngapi?"

Jumamosi asubuhi Bibi Sentimita akamburuta shemeji hadi kiwanja cha mazoezi. Alipiga mipira ishirini kwa kila fimbo ya ile seti, shemeji akikimbia na utepe wa kupimia, jasho likimchuruzika. Mbili za kwanza zilipishana mita tatu tu. Ya tatu ikaanguka ghafla hadi sitini na tano.

"Hawa wawili mapacha, na huyu mtoto wa jirani," Bibi Sentimita akasema. "Rudisha dukani."

Kisha akainamia pipa la fimbo kuukuu karakanani, akachomoa moja yenye kutu shingoni. Ilirusha themanini na mbili. Shemeji akaibana kwenye jiliwa, akaulaza nyuma kidogo uso wa fimbo, ili mpira upae zaidi na kwenda karibu. Sabini na tisa. Akaulaza tena. Sabini na tano, mpira baada ya mpira.

"Tisini, sabini na tano, sitini," Bibi Sentimita akahesabu, macho yakimmeta. "Sasa hii ni ngazi!"

Siku ya fainali, shimo la mwisho, alikuwa sare na mke wa daktari, bingwa wa miaka mitatu. Mpira wa bingwa ulishatua kijanini, kwenye nyasi fupi zinazozunguka shimo, hatua kumi kutoka shimoni. Wa Bibi Sentimita, uliopigwa mara moja pungufu, ulikuwa bado ng'ambo ya bwawa. Shemeji, aliyembebea mfuko, alipima kwa jicho, akanong'ona, "Sabini na tano kamili."

"Nipe mzee wa kutu."

Alipiga pigo lake zima, bila kupunguza wala kukamia. Mpira ukapaa, ukavuka maji, ukadunda mara mbili na kusimama shubiri moja kutoka shimoni. Bingwa alihitaji mapigo mawili. Bibi Sentimita akamaliza kwa moja, akashinda.

Nyuma ya kamba, mumewe, mtu mkimya asiyesikika hata akipiga chafya, alitupa mwavuli akapiga kigelegele mpaka waamuzi wakageuka. Bibi Sentimita akalinyanyua kombe kwa mikono miwili, huku analia, huku anacheka.

"Miaka minne!" alipaza sauti. "Leo nimelitia mkononi!"