Hotuba Niliyomsomea Binti Yangu Jikoni

Nyumbani kwetu Mugoma, Kiswahili kina kazi zake: mgeni wa ofisini, barua ya shule na mtoto aliyekosea. Mengine yote tunayasema kwa Kihangaza. Kwa hiyo jana nilipomwambia binti yangu, "Keti, nina mazungumzo nawe," aliacha kuchambua maharage akauliza kwa unyonge, "Mama, nimefanya nini?"

Hajafanya kitu. Ila Jumatatu anarudi kidato cha tatu, na safari hii anakwenda kupanga geto karibu na shule, yeye na mwenzake, na ufunguo wa kufuli wanao wenyewe. Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa bahati kuliko akili. Niliyekaa naye dawati moja hakumaliza, alikwenda kulea.

Kwetu kazi ya kumweleza binti mambo ya mwili na wanaume ni ya shangazi. Nilimpigia wifi yangu kule Nyamahanga wiki mbili mfululizo. Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Wifi, nipande basi kutoka Biharamulo nije kutamka kondomu? Si wewe ndiye msomi?" Msomi! Mimi ambaye nisipoitwa msibani sitoki, nimekaa jikoni kama figa la nne.

Nikaanza mwenyewe. Kwa Kihangaza maneno yaligoma. Ninayoyajua ni ama matusi ama ya mbuzi. Nikakimbilia Kiswahili, nacho kikatoka kimevaa tai. Nikasema "afya ya uzazi." Nikasema "vijana wengi wa leo." Nakiri, nilisema hata "changamoto." Binti akakaa wima, mikono mapajani, akiitika "Ndiyo, mama" kila nilipovuta pumzi, kama yuko mbele ya mwalimu wa zamu.

"Kuna swali?"

"Hakuna, mama."

Nikapandwa na hasira, Kihangaza kikarudi chenyewe. "Haya, nimesema nini?"

"Kwamba nisome kwa bidii."

Nilitaka kujipiga mwiko. Nikapandisha mkono wa blauzi, nikavishika vidole vyake nikaviweka penye kijiti changu cha uzazi wa mpango. Nikamwambia hicho ndicho kilichofanya kitinda mimba wetu abaki kitinda mimba. Akakibonyeza, akakisogeza chini ya ngozi.

"Kinauma?"

"Siku ya kuwekwa, kidogo."

"Baba anajua?"

"Alinisindikiza. Akakaa nje na redio yake."

"Na magonjwa?"

"Hicho hakizuii magonjwa. Hayo ni kondomu. Na kukataa kupo, hata kama amekununulia chipsi."

Akacheka, kisha akaacha. "Nikienda zahanati peke yangu, mwanafunzi mimi, watanisikiliza au watanihubiria?"

Nilitamani kumdanganya. "Watakuhubiria."

"Basi twende wote Ijumaa. Ukae nami kwenye benchi."

Benchi lile liko kando ya njia, na wanakwaya wenzangu wote wanapita hapo.

"Kwani unataka kijiti?" nikauliza, roho juu.

Akainamia ungo. "Nataka kuuliza. Wewe umehutubia, mama, hujaeleza."

Tangu jana nimenuna. Namnunia wifi, namnunia mume wangu aliyekuwa bandani akijifanya anafunga ndama ambaye tayari alikuwa amefungwa, na zaidi najinunia mwenyewe. Ijumaa ni kesho kutwa. Nimejaribu kutafuta homa, haiji. Nimemwambia tutoke saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajajaa.

"Saa tatu, mama," kanijibu. "Wakijaa na wajae. Wewe kaa tu."