Kigingi cha Kumi na Mbili

Siku ile siisahau, mwanangu Akiru, maana ulikuwa mgongoni kwangu unawaka homa. Nakuandikia kabla hujajua kusoma, kabla hasira hazijanipoa nikaanza kuipamba habari.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru. Baba yako alikuwa amevuka Malaba kutafuta kazi Uganda, na barua hakuna. Mimi, kwa cheti changu cha sekondari, nikaandikwa kazi na wapimaji waliokuja vilima vya karibu na Amagoro kutafuta mawe yenye mnururisho, nguvu itokayo ndani ya jiwe isiyoonekana kwa macho. Nilibeba mashine inayolia ta-ta-ta penye mawe ya aina hiyo. Kila penye kigingi kilichogongwa kuonyesha mahali pa kupimia nasimama, nahesabu milio dakika tatu, naandika daftarini. Bwana mpimaji alisema nambari zile zitafika mbali: kwa wanaotaka kuwasha umeme kwa nguvu iliyo ndani ya mawe, na kwa wanaolinda watu wasiangamizwe na mabomu yake.

Wachukuzi walinicheka. "Mwalimu wa mawe! Leo wanafunzi wako wamejibu nini?" Mwanamke nilikuwa peke yangu kambini. Siku nyingine hayo ndiyo maneno pekee niliyoambiwa toka asubuhi.

Siku hiyo nilikuwa nimemaliza kigingi cha kumi na moja. Cha kumi na mbili, cha mwisho, kilikuwa ng'ambo ya korongo. Ukaanza kutetemeka. Sikuvuka; nikakiandikia nambari inayofanana na ile iliyotangulia, nikateremka mbio hadi zahanati.

Jioni akaja Mzee Ekirapa, mfugaji wa pale aliyetuonyesha njia na kuvigonga vigingi vyote kwa mkono wake.

"Mama Akiru, mtoto?"

"Amedungwa sindano, mzee. Amelala."

"Mungu mkubwa. Daftari lako hilo naona lina nambari hadi kumi na mbili. Na kule kwa kumi na mbili, ulipitia wapi? Nimetoka huko na ng'ombe sasa hivi. Nyasi zimesimama zote."

Nikalifunga daftari.

"Mtoto akiugua, shuka. Nani atakulaumu? Ungeacha pale patupu. Patupu mwingine angepaona, akapanda kupapima. Sasa umepaziba. Nani atapanda?"

"Utamwambia bwana?"

"Mimi? Daftari ni langu?" Akaenda zake.

Ningeweza kunyamaza, mwanangu. Mshahara ule ndio uliokununulia maziwa, na nyumbani hakuna aliyekuwa akitungojea. Lakini njia ya mwongo ni fupi, nami nilikuwa nimeshafika mwisho wake. Asubuhi nikamwambia mpimaji: ile nambari ni yangu, si ya jiwe.

Hakufoka. Alichukua kalamu nyekundu akakata ukurasa ule, kisha wa nyuma yake, kisha daftari zima, kazi ya majuma matatu.

"Hizo nyingine ni za kweli!" nikapiga kelele.

"Nitajuaje?" akasema.

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Nikafukuzwa. Wachukuzi wakaambiwa wapande vilima vyote upya. Wakanipita na vyombo vyao bila hata salamu. Nilitembea na wewe hadi barabara kuu, na sikuwa na mtu wa kumlilia.

Mpimaji yule nina hasira naye hata leo. Hakuuliza hali yako hata mara moja. Lakini swali lake sijapata jibu lake.

Basi sikia, Akiru. Kukukimbiza zahanati hakukuwa kosa, na yeyote atakayekuambia mama aache mtoto afe kwa ajili ya kazi, mkatalie mbele ya watu. Kosa lilikuwa kalamu. Usilolipima, usiliandike. Usilolijua, sema sijui, hata wakikucheka, hata neno hilo likikunyima chakula cha siku hiyo. Pengo huwa na mtu wa kulijaza. Uongo hukaa pale umevaa nguo za kweli, na mtu wa mbali asiyekujua hujenga juu yake.

Mungu akupe afya, akupe macho makali na mkono usiotetemeka. Akupe na watu wa kukaa nawe, mwanangu, wengi kuliko niliopewa mimi.