Mkono Uliolia Kama Waya

Nilichora mistari kwanza, ndipo nikapima. Hilo lilikuwa kosa langu la mwanzo, na nalitaja mapema kwa sababu yaliyofuata yote yalitoka humo. Lakini haya ninayokusimulia yalitokea kweli, hapa Durban, Jumamosi mchana, jua likiwaka. Sikuwa nimelala. Sikuwa nimekunywa, sinywi kabisa. Nimejaribu mara nyingi kutafuta namna ya kueleza kwamba niliona vibaya, na kila nikijaribu nakumbuka kwamba ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Mimi ni fundi simu. Meza yangu iko ndani ya saluni ya Mama Aline, chini ya jengo tunaloishi, Albert Park. Kazi ya fundi ni kufuata njia. Simu ikifa, unachukua mita ya kupimia umeme, unagusa ncha moja hapa na nyingine pale kwenye bodi. Njia ikiwa nzima, mita inalia. Isipolia, basi mahali fulani katikati pamekatika. Haya nilijifunza mwenyewe kwa video, na kwa kuwa sikuwahi kuwa na mwalimu wa kuniambia "inatosha", sikujua lini inatosha. Nilikuwa mtu wa kufungua simu iliyokwisha kupona ili niisafishe tena.

Kaka yangu Bahati alikuwa mpakuzi. Alishusha magunia ya mchele kutoka kwenye makontena, katika yadi moja karibu na bandari, miaka yote kwa bega lile lile la kulia. Mkono ukaanza kumchoka. Ukaanza kumuuma. Kisha vidole vikawa baridi na vikapauka, na hii ilikuwa Februari, mwezi ambao hapa mtu anatoka jasho akiwa amekaa tu. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa zimekwisha muda, na aliogopa kuulizwa mlangoni mwa hospitali. Akasema atavumilia. Nami nikasema nitamtibu.

Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu nilikuwa nimeiona ile picha.

Labda na wewe umeiona. Mwili wa mtu, umechorwa mistari kutoka kifuani hadi kwenye vidole, na juu ya mistari kuna vitone. Ni ya akupancha, tiba ya sindano ya Wachina. Mistari hiyo wanaiita meridiani, njia ambazo nguvu ya mwili hupita, na ugonjwa, wanasema, huja njia inapoziba. Hii si bodi ya simu? Njia ikiziba, unatafuta kitone, unaifungua.

Nikasoma. Nilisoma makala za utafiti kwenye simu, Kifaransa na Kiingereza, hadi macho yakaniwasha. Kuna watafiti waliopima umeme wa ngozi juu ya vitone hivyo. Wengine wanasema umeme hupita kwa wepesi zaidi pale. Wengine wanasema hilo ni jasho tu, au ni mkono wa mpimaji unaokandamiza. Wapo waliochoma sindano mahali ambapo hapana kitone, na mgonjwa akapata nafuu vile vile. Mstari wenyewe, sikusoma popote kwamba kuna aliyefungua mwili akauona. Mtu mwenye akili angesoma hayo akatulia. Mimi nilisema: hawakupima vizuri. Nitapima mimi.

Basi nikajichora mistari mkononi kwa kalamu, nikagusa kwa mita. Kila nilipofika kwenye kitone, namba ilishuka, maana yake umeme unapita kwa wepesi. Nililia kwa furaha, niamini. Baadaye nikasoma kwamba mpimaji anayejua kitone kiko wapi hukandamiza zaidi pale bila kujijua. Nikarudia kwa uangalifu, nikaona ni kweli. Nilikuwa nimejidanganya kwa kidole changu mwenyewe. Aibu ile sikuweza kuibeba.

Mtu mwingine angeacha. Mimi nikatundika pazia.

Lilikuwa pazia la bafuni, la plastiki, lenye picha za samaki. Nikalikata tundu na kulitundika kati ya meza yangu na chumba cha nyuma cha saluni. Mama Aline alikuwa akimkalisha mteja nyuma ya pazia, mteja anapitisha mkono tunduni, nami napima bila kujua ni mkono wa nani. Nilikuwa nimesoma kwamba mpimaji asipomjua anayepimwa, kipimo kinakuwa safi. Nikafurahia sana neno hilo, safi.

"Weye docta," Mama Aline aliniambia, "wateja yangu wanakuya kusuka nywele, hawakuye kuchomwa umeme mu rideau."

"Mama, hili pazia halichomi mtu. Ni mkono tu."

"Mukono tu! Na sura ya mutu unaipeleka wapi?"

Wateja wakacheka. Nami nikacheka.

Jioni nilikuwa nikipanda juu na kumchoma Bahati sindano. Alisema anapata nafuu kidogo. Sasa najua alisema hivyo ili nipate usingizi.

Jumamosi ile asubuhi alikaa kitandani, mkono wa kulia ameulaza pajani kama kitu alichopewa akishike kidogo.

"Petit," akasema, akiniita mdogo wake kwa Kifaransa kama kawaida yake, "mukono iko baridi sana. Leo tuende hopitali. Wakiniuliza makaratasi, waniulize tu."

"Jioni, yaya," nikamjibu, kama tunavyomwita kaka mkubwa. "Leo kuna wateja wengi, nitapata mikono mingi. Nikimaliza kupima leo nitajua kabisa ni kitone gani."

"Utapima mpaka lini?"

"Leo ni mwisho."

Alinitazama, akatabasamu. "Sawa, docta. Mimi niko hapa."

Nikatoka nikafunga mlango kwa nje. Tulikuwa na ufunguo mmoja. Pale kwetu chumba kimegawanywa kwa mbao, watu wanaingia na kutoka, na Bahati alipolala sikutaka mtu amsumbue. Ndiyo tulivyozoea. Nikautia ufunguo mfukoni.

Kabla ya saa sita umeme ukakatika. Saluni ikawa joto la kuoka mkate. Mama Aline akatoa viti nje kwenye kivuli cha ukuta, yeye na wasukaji na wateja wote wakahamia huko. Nikabaki peke yangu mezani, nimekasirika, kwa sababu mikono yangu yote imekwenda nje. Mita inatumia betri. Haikuwa na shida. Nikaanza kukunja nyaya.

Mkono ukapita tunduni.

Nilifikiri nini? Nilifikiri Mama Aline amenionea huruma, amenitumia mteja. Chumba cha nyuma kina mlango wa kwenda kwenye korido ya vyoo, kwa hiyo mtu angeweza kupitia huko. Nikasema asante, nikafuta ngozi kwa pamba. Ulikuwa mkono wa mwanamume, wa kulia, mkavu. Kila mtu Durban siku ile alikuwa amelowa jasho, lakini mkono ule ulikuwa mkavu na baridi kama chuma cha lifti asubuhi. Nikagusa.

Mita ikaonyesha sifuri.

Ngozi ya mtu haionyeshi sifuri. Ngozi inazuia umeme. Namba inakuwa kubwa, inacheza, inapanda na kushuka. Sifuri ni ya waya. Nikaijaribu mita kwenye meza, ilikuwa nzima. Nikarudi mkononi, sifuri. Nikageuza kitufe, nikaiweka mahali pa mlio, pale ninapopimia bodi. Nikaweka ncha moja kwenye kitone cha kiwiko, nyingine kwenye kitone cha kifundo cha mkono.

Ikalia.

Nikashuka, kitone kwa kitone, kama picha ilivyo. Ikalia. Nikatoka nje ya mstari, nikagusa pembeni kidogo tu: kimya. Nikarudi kwenye mstari: ikalia. Hakuna namba iliyocheza. Hakuna mwili wa mtu aliye hai unaofanana na mchoro kiasi kile. Nilijua hilo? Nilijua. Lakini wewe hujawahi kutafuta kitu hadi ukakonda, kisha kikaletwa na kuwekwa mezani kwako. Hatimaye, nilisema moyoni, kitu kisicho na kosa hata moja.

Nikafika chini ya kidole gumba. Hapo palikuwa na kovu la kuungua, lenye umbo la jani.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Kovu lile nalijua. Bahati aliungua na jiko la mkaa huko Bukavu tulipokuwa watoto, akinipikia mimi, mama akiwa sokoni. Nililiona. Nililitambua. Na nikajiambia: usifikirie. Ukijua ni mkono wa nani, kipimo kitaharibika.

Nyuma ya pazia sauti ikasema, polepole, "Petit, angalia muzuri."

Nikasema, "Usiongee. Utaharibu."

Ndivyo nilivyojibu. Sikunyamaza hata kidogo kabla ya kujibu.

Mkono ukatulia hadi nikamaliza. Kisha ukarudi nyuma, taratibu, na samaki wa pazia wakatikisika. Nikaruka nje kumshukuru Mama Aline.

"Nani nimekutumia?" akauliza, vidole vyake vikiwa kwenye nywele za mtu. "Sisi wote tuko huku inje. Eish, joto imekupanda mu kichwa."

Nikarudi, nikafunua pazia. Kwenye kile kiti cha nyuma kulikuwa na beseni la taulo zilizolowa, limejaa hadi juu. Mama Aline alikuwa ameliweka pale mwenyewe umeme ulipokatika. Hakuna mtu aliyekikalia kiti hicho.

Nikapanda ngazi nikikimbia. Mlango ulikuwa umefungwa kama nilivyouacha. Nikafungua kwa ufunguo wangu. Bahati alikuwa kitandani, anaamka.

"Petit," akasema, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona kwa miezi, "haiumi tena. Minalala nikaamuka, haiumi hata kidogo. Umefaulu."

Nifanye nini mtu anaponiambia hivyo? Nilikaa sakafuni nikacheka. Nikamwambia hospitali haina haja leo. Nikasahau beseni. Nikasahau kovu. Nilikuwa na mlio wa mita masikioni na kaka yangu hana maumivu. Ningetaka ushahidi gani tena?

Kesho yake vidole vilikuwa vimegeuka rangi. Nikamgusa, hakusikia. Nikambana kwa kucha, hakusikia. Ndipo tukaingia kwenye taxi, na kila taa ya barabarani, robot kama wanavyoiita hapa, ikawa nyekundu.

Mlangoni hakuna aliyeuliza karatasi. Walimtazama mkono tu, wakakimbia naye. Daktari kijana wa kike alinieleza baadaye bila ukali, na afadhali angenifokea. Alisema miaka ya magunia ilikuwa imeubana mshipa wa damu chini ya mfupa wa bega. Mshipa ukaumia, damu ikaganda ndani yake na kuziba. Maumivu yalipokwisha, alisema, ni kwamba mkono ulikuwa umekufa. Akaniuliza yale matundu madogo kwenye ngozi ni ya nini. Nikamwambia.

"Ungemleta jana," alisema, "tungejaribu kuufungua."

Kwa hiyo ilikuwepo njia iliyoziba, kweli. Haikuwa kwenye picha yangu, na haikuhitaji mtu wa kuitafuta kwa mita; alihitajika mtu wa kushika mkono baridi na kusema twende. Walimkata mkono chini ya kiwiko.

Nilimsimulia Bahati yote, beseni na kovu na sauti. Hakushangaa. Alisema siku ile aliota yuko mahali penye giza, amenyoosha mkono, na mtu anaushika lakini hamwangalii.

Ungependa yaishie hapo. Mimi pia. Lakini jioni moja, miezi baadaye, Bahati alikuwa amekaa nami mezani, anakunywa chai kwa mkono wa kushoto.

"Inaniwasha," akasema.

"Nini?"

"Mukono. Ile haiko." Akaulaza mkono uliokatwa mezani, kana kwamba kiganja bado kipo mbele yake. "Pima basi, docta. Leo bila rideau."

Alisema kwa utani, na Mama Aline akamfokea kwamba mambo hayo si ya kuchezea. Nikachukua mita ili tu tucheke. Ncha moja nikaiweka kwenye mbao tupu, mahali ambapo kidole gumba kingekuwa, na nyingine mahali pa kifundo. Mbao kavu, hakuna kitu juu yake.

Mita ikalia.

Mama Aline aliisikia. Muulize. Siku hiyo alifunga saluni mapema, na hadi leo hakai upande ule wa meza.

Bahati hakucheka. Aliangalia mahali pale penye kitu kisichokuwepo, kisha akaniangalia mimi. "Sasa ndiyo unasikia," akasema.

Sijui lilikuwa nini nyuma ya pazia. Wachungaji wanaliita kwa jina moja, rafiki zangu wa msikitini kwa jingine. Wala sisemi akupancha ni uongo; mimi si wa kusema, na wanaoijua kweli wangeuona mkono ule wakaniambia niukimbize hospitali. Nakuonya jambo moja tu. Siku utakapopewa jibu ulilolitaka, bila doa, bila namba hata moja kucheza, usilishukuru. Funua pazia kwanza. Angalia ni nani amelileta, na ukimjua, usijifanye humjui.

Siku hizi mita yangu nimeiziba spika kwa gundi. Nasoma namba, na ni za simu peke yake. Sindano nilizitupa. Mtu akiniambia anaumwa, namwangalia usoni, nafunga meza, naenda naye hospitali siku hiyo hiyo. Na mlango wetu sasa una funguo mbili.